Kutajirika na Kutajirisha



Mmekwisha kujifunza Amri Kumi za Mungu. Amri ya saba yatukataza kuiba, na amri ya kumi yatukataza kuitamani mali ya jirani. Amri hizo zatuonyesha mipaka ambayo Mkristu hana ruhusa kuivuka. Lakini ndani ya mipaka hiyo limo swali jingine, nalo huulizwa mara nyingi katika mafundisho ya dini: Mtu asiyeiba wala kutamani cha mwenzake, bali afanya kazi kwa bidii hata akapata mali nyingi, je, huyo yu katika njia ya Mungu? Au utajiri wenyewe ni mzigo usioweza kupita katika mlango wa mbingu?

Swali hili si la watu wa vitabu tu. Katika milima ya Lubero, katika mabonde ya Beni, na katika njia zote ziendazo kwenye soko la Butembo, watu hulijibu kila siku, kila mtu kwa namna yake. Mtu akijaliwa kuezeka nyumba yake kwa mabati na kununua pikipiki, wako wasemao kwa sauti ya chini kwamba amekwenda kwa mchawi. Hao wadhani kwamba hakuna mali safi. Wako wengine ambao humwinamia tajiri na kumpa kiti cha mbele, wala hawaulizi mali yake imetoka wapi. Hao wadhani kwamba hakuna mali chafu. Makundi yote mawili yamekosea. Wa kwanza wamhukumu mtu bila ushahidi, na hilo ni kosa juu ya amri ya nane. Wa pili wamefumba macho mbele ya haki.

Basi, tutaipimaje mali? Leo tutayauliza maneno yenyewe. Maneno ya lugha ni kama ghala la wazee. Wametutangulia duniani, wakaweka humo mambo waliyoyaona katika maisha yao. Tukilifungua ghala hilo kwa utaratibu, huku tumeshika mkononi taa ya Injili, tutapata kipimo kimoja ambacho hata mtoto aweza kukitumia.

Tajiri na njia aliyopita

Neno tajiri asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mfanyabiashara. Katika pwani ya Bahari ya Hindi, siku za kale, tajiri hakuwa tu mtu mwenye vitu vingi nyumbani. Alikuwa mwenye mtaji, aliyeweza kuwapa wengine bidhaa kwa mkopo ili waende bara kufanya biashara, nao wakirudi wamlipe. Ndivyo ilivyokuwa katika karne ya 19, Taria Topan, mfanyabiashara Mhindi wa Zanzibar, alipomkopesha Hamed bin Muhammed, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip. Naye akaongoza misafara mikubwa mpaka Manyema, katika nchi yetu ya Kongo. Kiswahili tunachokitumia leo katika sala na sokoni kilifika upande huu kwa misafara ya namna hiyo, na neno tajiri likasafiri pamoja nayo.

Je, misafara hiyo ilirudi na nini? Ilirudi na pembe za ndovu, na mara nyingi mabega yaliyobeba pembe hizo yalikuwa ya watu waliofungwa minyororo. Vijiji vilichomwa moto, wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakapelekwa mbali na kwao. Mwaka 1888 Papa Leo XIII aliandika barua ya kuulaani utumwa, na Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, akazunguka katika miji ya Ulaya akihubiri juu ya uovu wa biashara hiyo.

Lakini tusidhani kwamba tamaa ni tabia ya taifa moja. Tangu mwaka 1885 hata mwaka 1908 Kongo ilikuwa mikononi mwa Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Miaka hiyo watu wa misituni walilazimishwa kwa viboko na bunduki kuleta mpira, na faida yake ikavuka bahari kwenda Ulaya. Rangi ya ngozi ilikuwa nyingine, na njia ya mali ilikuwa nyingine; dhambi ilikuwa ile ile.

Twapata hapa fundisho la kwanza. Watu hao walitajirika, hakuna awezaye kukana. Lakini mali yao haikuzaliwa na kazi yao. Ilitolewa katika nyumba ya mwingine ikaingizwa katika nyumba yao. Kila walipopanda ngazi moja, mtu mwingine alishushwa shimoni.

Kuchuma

Liko neno jingine, nalo ni letu sisi watu wa Kibantu: kuchuma. Twachuma matunda mtini, na twachuma mali pia. Kutoka humo limepatikana neno mchumo, yaani pato, na neno uchumi, litumikalo siku hizi kwa mambo yote ya mali ya nchi. Wazee walisema: Mchumia juani hulia kivulini. Maana yake, mtu aliyevumilia jua la kazi atapumzika na kula kwa amani.

Mtazameni mama achumaye kahawa katika kilima chake. Afahamu mambo matatu ambayo wasomi wengi wameyasahau. La kwanza, tunda si yeye aliyeliumba. Yeye alipanda, akapalilia, akakata matawi yasiyofaa. Lakini mvua na jua havikutoka mkononi mwake. La pili, huchuma tunda lililoiva, akaliacha lililo bichi. Hakati tawi ili apate matunda yake upesi, maana ajua kwamba mwakani tawi hilo litazaa tena. La tatu, alichokichuma ni chake kwa haki, kwa sababu jasho lake limo ndani yake. Mtu akimnyang'anya kikapu chake, amemwibia siku zake za maisha.

Mungu mwenyewe aliwafundisha Waisraeli namna ya kuchuma. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 19, na katika Kumbukumbu la Sheria, sura ya 24, aliwaamuru wasivune shamba lao mpaka pembeni kabisa, wala wasirudi mara ya pili kuyatafuta matunda yaliyobaki mtini. Yaliyobaki yalikuwa ya maskini, ya mgeni, ya yatima na ya mjane. Angalieni vizuri jambo hili. Mungu hakumwambia mwenye shamba kwamba ni vibaya kuvuna, wala hakumnyima shamba lake. Alimwambia kwamba mavuno yake yana pembe moja isiyo yake.

Riziki na neema

Wazee wa pwani walikuwa na maneno mengine mawili ya kupata. La kwanza ni riziki, yaani chakula na mahitaji ya kila siku, kama kitu kitolewacho na Mungu. Mtu hafanyi riziki. Huitafuta, na Mungu ndiye aruzukuye. Neno hilo latuzuia tusijivune. Mkulima mwenye bidii aweza kukosa mavuno kwa ugonjwa wa mihogo, na mfanyabiashara mwerevu aweza kupoteza lori zima kwa utelezi wa njia. Afanyaye kazi na akapata, amefanya kazi, na tena amepewa.

La pili ni neema. Ninyi mmelijua neno hili katika katekisimu: neema ni zawadi ya Mungu katika roho zetu, na kwa Ubatizo twapata neema ya utakaso. Lakini katika lugha ya zamani neema ni wingi pia: mwaka wa neema ni mwaka wa mvua na chakula tele, na mtu aliyeneemeka ni mtu aliyepata utele. Mapadri na makatekista walipotafuta neno la kuitaja zawadi kubwa kuliko zote, hawakulichukua neno la mbinguni lisilojulikana na watu. Walilichukua neno la shamba lililojaa. Tena neema ina tabia moja: haiwi ya kufungiwa sandukuni. Aliyeneemeka hutakiwa kuwaneemesha wengine, kama kisima kilichojaa kinavyowanywesha majirani.

Silabi moja tu

Sasa tumefika kwenye kipimo tulichoahidi. Sikilizeni maneno haya mawili: kutajirika na kutajirisha. Mwanzo wao ni mmoja. Tofauti yao ni silabi moja ya mwisho. Kutajirika ni kuwa tajiri mimi mwenyewe. Kutajirisha ni kumfanya mwingine awe tajiri. Ndivyo ilivyo pia kwa kuneemeka na kuneemesha, kunufaika na kunufaisha, kustawi na kustawisha. Lugha yetu, bila mahubiri mengi, yatuonyesha kwamba kupata kwangu na kupata kwa jirani yangu ni tawi na tawi la mti mmoja.

Lakini liko neno la tatu, nalo ni la kuogofya: kufukarisha, yaani kumfanya mwingine awe fukara. Basi kila mtu anayetajirika yumo katika mojawapo ya njia mbili. Ama anatajirika huku akitajirisha, ama anatajirika huku akifukarisha. Kwa hiyo, mbele ya mali yoyote, usianze kuuliza: Ni nyingi kiasi gani? Uliza hivi: Mali hii ilipokuwa ikija, nani mwingine alipata nayo, na nani alipoteza kwa ajili yake?

Hicho ndicho kipimo. Chaweza kumhukumu mwenye malori kumi, na chaweza kumhukumu mwenye kikapu kimoja cha nyanya.

Tukitumie kipimo hicho

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Katika nchi ya Beni kakao ni zao la thamani. Mnunuzi afika kijijini na mizani yake. Ajua bei ya Butembo, na bei ya mpaka wa Kasindi pia. Je, akipata faida ametenda dhambi? Hapana. Amesafiri, amelipa gari, amejitia katika hatari ya njia, na bila yeye mkulima angebaki na magunia yake mpaka yakaoza. Tomaso Mtakatifu wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa katika karne ya 13, alifundisha kwamba mfanyabiashara aweza kupata faida ya kiasi, kwa kuitunza nyumba yake au kwa kuwasaidia wenye shida. Mnunuzi wa namna hiyo ametajirika kidogo, na mkulima naye ametajirika kidogo. Mkono umeosha mkono.

Lakini tuseme ameiharibu mizani yake ili kilo moja isomeke kuwa ndogo. Au amemwongopea mkulima kwamba bei imeanguka, naye ajua kwamba imepanda. Au amemkuta mama ambaye mtoto wake ni mgonjwa na ahitaji faranga za hospitali usiku ule ule, akampa nusu ya bei ya haki, kwa kuwa ajua kwamba hawezi kukataa. Huyo ametajirika kwa kufukarisha. Tena asiseme: Sikumlazimisha, yeye mwenyewe alikubali. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha juu ya mshahara wa mfanyakazi kwamba mtu akikubali masharti mabaya kwa kusukumwa na shida, ameonewa kwa nguvu, ijapokuwa mdomo wake umesema ndiyo. Njaa haiweki mkataba wa haki.

Kuna jambo gumu zaidi, wala si vema tulikwepe. Tangu mwezi wa Oktoba mwaka 2014 watu wengi sana wameuawa katika nchi ya Beni, na jamaa nyingi zimeyakimbia mashamba yao. Kakao haikimbii. Huiva mtini hata kama mwenyewe yuko ukimbizini, au yumo kaburini. Akaja kijana usiyemjua kuwa na shamba, akakuletea magunia mawili kwa bei ya chini mno. Moyo wako wajua. Kanisa lafundisha kwamba anunuaye mali ya wizi huku akijua, ameshiriki katika wizi huo, na apaswa kuirudisha kwa mwenyewe. Ukisema: Nisiponunua mimi, atanunua mwingine, umesema neno ambalo hata mnunuzi wa watumwa angeweza kulisema zamani katika soko la Zanzibar.

Wala msidhani kwamba haiwezekani kukataa. Alikuwako kijana mmoja wa Goma, Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mwaka 1981, mwana wa Jumuiya ya Sant'Egidio. Kazi yake ya serikali ilikuwa kuchunguza bidhaa zinazoingia nchini. Watu walimpa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite na kuuzwa sokoni. Alikataa. Angeweza kutajirika kwa neno moja, lakini alijua kwamba fedha hizo zingelipwa kwa matumbo ya watoto wa maskini. Mwaka 2007 alitekwa nyara akauawa, angali kijana. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri, katika Basilika ya Paulo Mtakatifu nje ya kuta za Roma. Wale waliompa rushwa hakuna anayeyatamka majina yao kwa heshima. Jina lake yeye hutajwa katika sala. Ni nani basi aliyekuwa tajiri?

Si kila hasara ni dhambi

Hata hivyo, tusikitumie kipimo hiki kwa upumbavu. Mtu mmoja aliuza chumvi peke yake kijijini kwa bei kubwa. Akaja mwingine, akaiuza kwa bei nafuu, na wanunuzi wakamhamia. Yule wa kwanza amepoteza. Je, wa pili amemfukarisha? La. Hakumdanganya, hakumpora, hakumzuia kushusha bei. Na kijiji kizima kimepata nafuu. Si kila hasara ya mwenzako ni dhambi yako. Kufukarisha kunakolaumiwa na Mungu ni kule kwa uongo, kwa nguvu, kwa wizi, kwa kuzuia haki ya mtu, na kwa kuitumia shida yake kama mtego.

Pia, msidhani kwamba kutajirisha ni kugawa fedha ovyo. Sadaka ni tendo takatifu, na Mkristu asiyetoa sadaka ni mti usio na matunda. Lakini sadaka haifuti wizi. Mtu awalipaye vibarua wake nusu ya mshahara, kisha akaleta bati ishirini za kuezeka kanisa, amemletea Mungu mali ya vibarua. Yakobo Mtakatifu, katika sura ya 5 ya barua yake, aandika kwamba ujira uliozuiliwa wapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana.

Njia za kutajirisha ni nyingi, na zilizo kubwa huanza kabla ya sadaka. Kulipa kibarua siku ile mliyoagana ni kutajirisha. Kupima kwa kopo lililojaa ni kutajirisha. Kumfundisha kijana useremala, au ushonaji, au namna ya kuikausha kakao isiote ukungu, ni kutajirisha kuliko kumpa faranga za siku moja. Kumkopesha jirani mbegu bila kumnyonya kwa riba ni kutajirisha. Kutoka pamoja kuitengeneza njia, ili magunia ya kijiji kizima yafike sokoni, ni kuwatajirisha hata wale usiowajua.

Jimbo letu la Butembo-Beni limeona mfano wa jambo hili. Askofu Emmanuel Kataliko aliliongoza tangu mwaka 1966 hata mwaka 1997. Katika siku zake, mwaka 1989, Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilianzishwa mjini Butembo, wakati serikali ilikuwa haina nguvu tena ya kuwajengea watu. Mali iliyoingia katika chuo imekuwa elimu katika vichwa vya vijana, na mali ya namna hiyo hailiwi na mchwa. Baadaye, akiwa Askofu Mkuu wa Bukavu, aliandika barua ya Noeli ya mwaka 1999, akawalaumu waziwazi wale waliotumia utajiri wa nchi kwa vita, badala ya kuwaendeleza wananchi. Kwa ajili ya maneno hayo wakuu wa waasi walimwondoa katika jimbo lake, akakaa Butembo tangu mwezi wa Februari hata Septemba mwaka 2000. Alifariki mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Alifahamu kwamba wale wanaochuma kwa bunduki hukata tawi pamoja na tunda.

Nami nisiye na kitu?

Pengine mkatekumeni mmoja atasema: Maneno haya ni kwa wenye maduka. Mimi nina jembe moja na mbuzi wawili. Nitamtajirisha nani?

Wazee wamekujibu zamani: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Bwana wetu Yezu Kristu alikaa Hekaluni akiwatazama watu wakitia sadaka, akamsifu mjane aliyetia senti mbili kuliko matajiri wote. Naye Paulo Mtakatifu, katika sura ya 4 ya barua kwa Waefeso, amwambia aliyekuwa mwizi mambo matatu kwa mfuatano: aache kuiba, afanye kazi kwa mikono yake, kisha apate cha kumgawia mhitaji. Hakusema aache kuiba ili awe mtu mwema tu. Kazi yake mpya ina mwisho ulio nje yake mwenyewe. Hata mwizi wa jana aitwa kuwa mwenye kutajirisha kesho.

Kumbukeni pia yule tajiri wa Injili ya Luka, sura ya 12, ambaye shamba lake lilizaa sana. Alitaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, na usiku ule ule roho yake ikatakiwa. Yezu hakusema kwamba aliiba nafaka yake. Shamba lilikuwa lake, na mavuno yalikuwa ya haki. Kosa lake lilikuwa kwamba katika mawazo yake yote hakuwamo mtu mwingine yeyote. Alikijua kitenzi cha kwanza, hakukijua cha pili. Lakini Zakayo, katika sura ya 19, alikuwa amefukarisha wengi kwa kazi yake ya ushuru. Yezu alipoingia nyumbani mwake, alisimama akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Angalieni: alitaja sadaka, na alitaja kurudisha pia. Moja bila la pili halikumtosha.

Kwa hiyo ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo, itazameni mikono yenu kabla ya siku ile takatifu. Ubatizo huondoa dhambi zote, lakini haufanyi mbuzi wa jirani kuwa wako. Kama unacho kitu cha mtu, kirudishe. Kama mwenyewe hajulikani tena, mwone Padri wako, naye atakuonyesha njia ya haki. Kama huna cha kurudisha, anza leo kufanya kazi ili upate. Jambo hili ni gumu, na pengine watu watakucheka. Lakini mtu aingiaye katika maji ya Ubatizo huku amekumbatia mali ya mwenzake, anafanana na mtu aogaye akiwa amevaa koti lake.

Aliyetutajirisha sisi

Tumalizie pale panapoanzia yote. Paulo Mtakatifu, katika sura ya 8 ya barua ya pili kwa Wakorinto, aliwaomba Wakristu wachange fedha kwa ajili ya ndugu zao wa Yerusalemu. Hakuwaamuru kwa ukali. Aliwakumbusha tu kwamba Kristu, aliyekuwa tajiri, alijifanya maskini kwa ajili yao, ili wao watajirike kwa umaskini wake.

Huo ndio mwisho wa mafundisho yote juu ya mali. Wafanyabiashara wa misafara walitajirika kwa kuwafukarisha wengine. Mkulima mwema hutajirika huku akiwatajirisha wengine. Lakini Mwana wa Mungu alifanya jambo ambalo hakuna sokoni aliyepata kulifanya: alijifukarisha mwenyewe ili atutajirishe sisi. Alizaliwa katika zizi, akafa bila vazi, akazikwa katika kaburi la kuazima. Na katika Ekaristi Takatifu hata leo ajitoa chini ya umbo la mkate. Ninyi mtakapoipokea, mtakuwa mmepata utajiri usioibwa wala kuoza. Nanyi mtadaiwa kuutoa.

Maswali ya kufikiri nyumbani

1. Katika mali niliyo nayo, ni ipi iliyopatikana kwa kumfukarisha mtu? Nitairudisha lini?

2. Katika wiki hii, ni mtu gani ambaye kazi yangu imemtajirisha, hata kama ni kidogo?

3. Je, nimemshtaki mtu kwa uchawi kwa sababu tu amepata, bila ushahidi wowote?

4. Katika shamba langu na duka langu, pembe ya maskini ni ipi?

Tumwombe Mungu, aruzukuye viumbe vyote, ailinde mikono yetu isichukue kisicho chetu, na aifungue isishike peke yake kilicho chetu. Mwenye Heri Floribert, utuombee.